Begi la Mwalimu Isidro

Aliyewahi kubanwa na kikohozi katikati ya misa anaijua taabu yake. Utameza mate, utaziba mdomo kwa leso, utajifanya unatazama madirisha. Mwishowe kitakutoka tu, tena kwa kishindo kuliko kama ungekiachia mapema. Waliosema kwamba mapenzi ni kikohozi walikuwa wamewaona watu kama Mwalimu Isidro Lumapas wa Dimiao, kisiwani Bohol. Yeye mwenyewe hakuwaamini mpaka siku aliyorudi kutoka Taipei.

Walisafiri watu tisa, wote walimu wastaafu wa shule moja ya msingi, wakakaa huko siku sita. Kiongozi wao alikuwa Mwalimu Gaudencia, aliyekuwa mwalimu mkuu na ambaye, kusema kweli, kitabia hakuwahi kustaafu. Aliwapanga foleni, aliwahesabu kila waliposhuka basi, na mkobani alibeba mizani ya kuning'iniza ya kupimia mabegi. Isidro alikuwa amefundisha hesabu miaka thelathini na minne. Mkewe alifariki miaka sita iliyopita, naye tangu hapo alizidi kuwa mtu wa maneno machache. Ng'ambo ya barabara, nyumba zao zikitazamana, aliishi Mwalimu Filomena Bagares, mjane aliyewafundisha kusoma nusu ya watu wa Dimiao.

Isidro alimpenda Filomena. Alimpenda sana, na alilificha jambo hilo kama mtu afichaye moto kwenye mfuko wa shati, kwa maana alikuwa akiogopa kutaniwa. Na hofu yake haikuwa ya bure. Dimiao ukionekana umempelekea mjane maembe mawili, jioni hiyo hiyo watu wameshawachagulia wasimamizi wa harusi.

Lakini muda ulikuwa ukimwishia. Binti yake Filomena, Marivel, muuguzi huko Kanada, alikuwa amemkamilishia mama yake karatasi za kuhamia kwake moja kwa moja. Angeondoka baada ya sikukuu ya mtakatifu wa mji. Isidro alikuwa ameapa kwamba safari ya Taipei haitaisha kabla hajamwomba abaki. Siku ya kwanza alisema kesho. Siku ya pili mvua ilinyesha. Siku ya sita ilimkuta bado ulimi ni mzito, na mabegi yamekwisha fungwa.

Asubuhi hiyo ya mwisho walifika uwanja wa ndege mapema. Kwao msafiri harudi mikono mitupu; hata jirani mliyenuniana mwaka mzima hutarajia japo biskuti moja. Filomena alikuwa amenunua zawadi kuliko wote, kwa sababu zake zilikuwa pia za kuagana: makopo ya keki za nanasi kwa kila nyumba ya mtaani, kwa padri, kwa mwuza samaki, kwa wanafunzi wake wa zamani ambao sasa nao ni bibi. Begi lake lilipowekwa kwenye mizani ya uwanjani, likazidi kilo nne.

Binti wa mapokezi alitikisa kichwa kwa adabu. Filomena alianza kuyatoa makopo, moja baada ya jingine, akiyapanga sakafuni. Alisema hapana neno, watu watamsamehe. Ila alipofika kwenye kopo la mwuza samaki alilishika muda mrefu kabla ya kuliweka chini, na Isidro alimwona.

"Acha hayo," Mwalimu Gaudencia aliamuru. "Begi la Mwalimu Isidro ni jepesi, mimi mwenyewe nililipima jana. Mwalimu, fungua begi tugawane mzigo."

Isidro alisema zipu imeharibika. Mara akasema ufunguo umepotea, ingawa begi halikuwa na kufuli. Akajitolea kuyabeba makopo yote mikononi mpaka Bohol, hata kichwani ikibidi. Wenzake walimtazama wakidhani jua la Taipei limemzidi. Filomena alisema asisumbuliwe, akalisukuma kopo la mwisho kando.

Hapo Isidro alikuwa na mambo mawili tu ya kuchagua: siri yake, au makopo ya Filomena. Alipiga magoti, akafungua zipu.

Ndani hamkuwa na zawadi hata moja ya watoto wake wala wajukuu wake saba. Kulikuwa na nguo chache, na juu ya nguo kitana cha mbao, mtandio wa bluu, mnyororo wa miwani, kipepeo cha kujipepea chenye picha ya ndege korongo, na birika la udongo la kijani lililofungwa ndani ya soksi mbili. Walimu wote walivitambua. Kila kimoja Filomena alikuwa amekishika dukani mbele yao, akakigeuzageuza, kisha akakirudisha mahali pake akisema begi limejaa.

Mwalimu Gaudencia alikinyoshea kitana kidole.

"Hicho kitana nakijua," Gaudencia alisema hatimaye, polepole, kama mwalimu aliyemkamata mtu na karatasi ya majibu. "Na wajukuu wako, Mwalimu, umewanunulia nini?"

"Nilikusudia kuwanunulia maembe makavu bandarini Cebu," Isidro alijibu akitazama sakafu, "halafu niseme yametoka Taipei."

Wakalipuka kwa kicheko. Makopo yalipakiwa kwenye begi lake, mizani ikaridhika, na utani ukaanza rasmi. Ndani ya ndege walibadilishana viti ili wawili hao wakae pamoja, mmoja akauliza harusi itakuwa kanisa gani, mwingine akaomba awe mtoto wa kushika pete licha ya miaka yake sabini na moja. Filomena hakucheka wala hakukasirika. Aligeukia dirishani, na muda wote wa safari hakusema neno. Isidro aliona kwamba sasa mambo yameharibika kabisa. Alimtaka abaki, na sasa yeye mwenyewe amempa sababu ya kuondoka haraka. Moyo ulimuuma kiasi kwamba hata chakula alikirudisha.

Waliposhuka ndege Cebu walipanda meli ya kwenda Tagbilaran, bandari ya kisiwani kwao. Filomena alikaa kiti cha pembeni, penye upepo. Isidro alipiga moyo konde, akamfuata.

"Mwalimu, niwie radhi. Nimekutia aibu mbele ya watu."

"Kitana nilikitaka kweli," Filomena alisema, bado akitazama bahari. "Mtandio pia. Siku ya pili nikakuona kupitia kioo cha duka, umerudi mbio kununua kipepeo, mvua yote ile, na mwavuli umenipa mimi. Birika sikulipenda hata kidogo. Nililishika ili nione kama utarudi."

Isidro alishika ukingo wa kiti.

"Baya kweli lile birika," Filomena aliongeza. "Sasa vitu vimeshasema vya kutosha. Sema wewe."

Akasema. "Kila asubuhi, kabla sijanywa kahawa, natazama kwanza kama umefungua dirisha lako. Ukilifungua, siku yangu imeanza. Naomba usihame, Filomena."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita jina bila kumwita mwalimu. Filomena alimgeukia.

"Nitakwenda kumwona mwanangu miezi mitatu, kisha nirudi nyumbani kwangu. Nilimwambia Marivel jana kwa simu."

"Jana? Kabla ya begi kufunguliwa?"

"Kabla ya begi. Ulidhani nilihitaji begi?"

Alitabasamu, akamsogezea nafasi kwenye kiti, na Isidro akakaa. Nyuma yao kikasikika kilio cha furaha kilichobanwa kwa kitambaa. Walimu saba walikuwa wamejikunyata nyuma ya viti, na Gaudencia, mwanamke aliyewatisha watoto wa vizazi viwili, alikuwa akifuta machozi.

Bandarini Tagbilaran, binti yake Isidro, Ligaya, alikuwa amekuja na gari kuwapokea. Isidro alimsogelea kwa hatua za mshtakiwa. Alianza kumweleza kwamba zawadi za watoto, kwa kweli, kulitokea jambo fulani, na jambo lenyewe lilihusu jirani yao, na yeye Ligaya asishtuke.

Ligaya alimwacha baba yake ajikanyage mpaka akachoka. Kisha akampokea Filomena mkoba, akamfungulia mlango wa gari, akamwamkia kwa kuubusu mkono wake kama kwao wanavyomfanyia mama mzazi.

"Baba," alisema, "mtaa mzima tunajua tangu mwaka juzi. Tulikuwa tunakungoja wewe tu ujue kwamba tunajua."

Mwalimu Isidro alisimama pale na begi lake, uso mzima umejaa furaha. Kweli, mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika.