Bata Aliyemjua Mkewe kwa Doa la Bawa

Ngano yangu, niitoe?

Itoe, tuipokee!

Hapo kale, kale sana, Bata na mkewe waliishi katika ziwa lenye matete. Bata wa ziwa lile walikuwa wa kahawia wote. Kwa mbali usingewatenganisha. Lakini mke wa Bata alikuwa na doa la kijani bawani, likimeta juani.

Korongo alishinda ukingoni akitazama ndege. Siku moja akauliza, "Bwana Bata, mkeo unamjuaje?"

"Kwa doa lake."

"Na likipukutika?"

Bata akacheka. "Wewe simama na miguu yako mirefu. Mambo ya ndoa tuachie wenyewe."

Ukaja msimu wa kupukutika manyoya. Mbawa zikabaki tupu, bata wasiweze kuruka. Mamba, aliyezoea kuwachungulia kutoka majini na kumjua kila mmoja, akawazingira majike watano topeni. Mke wa Bata alikuwamo.

Bata akaja akilia. "Nirudishie mke wangu!"

"Mchukue, shemeji. Nionyeshe ni yupi. Nakupa mara tatu. Ukishindwa, namla. Na jike yeyote akitoa sauti, nawameza wote."

Bata akatazama. Doa hakuna.

"Yule."

"Yule ana mdomo mwekundu! Wa mkeo si wa njano? Hata mimi nisiyemposa najua."

"Basi huyu."

"Huyu juzi tu alikuwa kifaranga. Aibu, shemeji."

Walibaki watatu, wote midomo ya njano. Mmoja alitazama maji. Mmoja alimkazia Bata macho. Mmoja aliingiza kichwa chini ya bawa la kushoto.

Bata akawaza: mke wangu hawezi kulala siku kama ya leo.

"Yule anayenitazama!"

"Umekosa," akasema Mamba. Akamchukua aliyeficha kichwa, akazama naye.

Bata akamwendea Korongo, aliyeona yote kutoka ukingoni. Korongo akasema, "Kila siku alilala hivyo, kichwa chini ya bawa la kushoto. Alikuwa anakuonyesha."

"Mbona hukuniambia mapema?"

"Nilidhani unajua. Wewe ndiye uliyelala ubavuni mwake."



Ngano hii yafunza hivi: anayeishi nawe mtazame angali yupo, umjue kwa mambo yake madogo, si kwa urembo tu.

Ngano yangu imeishia majini. Mwenye mtu wake nyumbani, na aende akamtazame.