Mfereji Hupimwa Mkiani

"Mfereji hupimwa mkiani." Ndivyo alivyosema yule fundi wa intaneti jana, mwalimu mkuu alipomsifu kwamba ofisini kwake mambo yanakwenda kasi. Mlimwona akibeba kompyuta yake hadi darasa la mwisho, kule karibu na choo. Akaijaribu huko, akatikisa kichwa, akaanza kuvuta nyaya upya. Leo mnaniuliza neno lile amelitoa wapi. Hakulitoa mjini, wajukuu zangu. Lilizaliwa huku huku Upare, na lilizaliwa kwa wivu. Sogeeni niwaeleze.

Alikuwapo fundi wa mifereji aitwaye Kilave. Mama yake, Nangasu, alimlea pamoja na Mbazi, yatima wa shemeji yake. Walikula chungu kimoja, lakini Kilave alikuwa na macho ya kupima. Mama akimpa Mbazi gimbi, Kilave hulitazama kwanza aone kama ni kubwa kuliko lake. Walipokua, yeye ndiye aliyemfundisha Mbazi kuchimba, tena kwa moyo mweupe, mpaka siku alipomsikia mwanamke mmoja akisema, "Siku hizi maji yanamsikia Mbazi." Neno hilo likamkaa kama kibanzi chini ya ukucha.

Mwaka huo ndiva, bwawa la kijiji, ilikuwa imejengwa upya. Mzee Senkondo, mshika mlango wa ndiva, nguvu zilikuwa zimemwishia, akatafutwa wa kumrithi. Wazee wakaamua mfereji mkuu ugawanywe matawi mawili, kila tawi lilishe mashamba matano. Kilave achimbe la kulia, Mbazi la kushoto.

"Sharti ni moja," akasema Senkondo. "Mlango ukifunguliwa jua likichomoza, shamba la tano liwe limelowa kabla jua halijafika utosini. Atakayeweza ndiye mshika mlango."

Shamba la tano upande wa Kilave lilikuwa la mama yake. Maharage yake yalikuwa kwenye maua, na kiangazi kilikwisha anza kuyakunja majani.

Mbazi aliianza kazi kutoka chini. Alimuuliza kila mwenye shamba amepanda nini na mimea yake inataka maji kiasi gani. Mashamba ya juu akayachimbia midomo myembamba ya kuingizia maji, ya chini mipana. Njia yenyewe akaipindapinda, maji yasije yakakimbia na kubomoa kingo. Na kila jioni akipita kwa Nangasu alimwachia kuni mlangoni.

"Wewe unachimba mfereji au unasuka kikapu?" Kilave alimkejeli.

"Nasuka, kaka," Mbazi akacheka. "Nafikiria ile siku maji yatakapokuwa machache."

Kilave yeye alianzia juu. Desturi ya wazee ya kupima mfereji ilikuwa kusimama mlangoni, kuchovya kibuyu na kusikiliza mvumo wa maji. Basi akachimba tawi pana, lililonyooka kama mkuki. Kule chini kwa mama yake alifika siku ya kumalizia tu. "Yakiingia mengi," alijiambia, "yatafika yenyewe."

Lakini wivu haukumwacha. Siku ya kujaribu, kabla watu hawajakusanyika, alikwenda pale matawi yanapoachana, akalisukuma jiwe la mgawo, lile linalogawa maji, shubiri nzima upande wa Mbazi ili yake yapungue.

Mlango ulipofunguliwa, maji yakavuma kulia mpaka ndege wakaruka. "Haya ndiyo maji!" wazee wakashangilia. Kushoto yakapita kimya kama nyoka. Kilave aligeuka ili amwone Mbazi akinywea, asimwone. Mbazi alikwisha teremka, anayafuata maji yake.

Kilave akabaki juu akipokea sifa. Jua lilipopanda, kelele zikasikika bondeni. Shamba la pili limegeuka bwawa! Ukingo wa la tatu umebomoka, maji yote yanaingia korongoni! Kilave akateremka mbio. Alipofika kwa mama yake, jua lilikuwa karibu na utosi, na matuta yalikuwa yamelowa.

"Yamefika!" akapaza sauti. "Mama, yamefika!"

"Yamefika, mwanangu," Nangasu akasema polepole. "Ila si yako."

Ndipo akamwona Mbazi mpakani na jembe, ametoboa kijia kutoka mkia wa tawi lake.

"La kwangu la tano limeshalowa, kaka. Haya ni yaliyobaki."

"Yamebakije? Na lile jiwe..." Kilave akaimeza kauli yake.

Mbazi akasogea, akasema kwa sauti ya chini, mama asisikie. "Jiwe nililiona. Lakini tawi langu nililipima litoshe hata kwa nusu ya maji niliyoahidiwa. Twende tukalirudishe kabla wazee hawajaliona."

Kilave akaketi juu ya tuta lililolowa. 

Senkondo akafika akihema, kibuyu mkononi, wazee wenzake nyuma yake. "Mashamba ya tano yote mawili yamelowa, na mvumo kama wa Kilave sijapata kuusikia," akasema. "Sasa tumpe nani?"

Nangasu akamnyang'anya kibuyu, akachota maji pale miguuni pake, akamrudishia. "Mzee, maharage hayanywi mvumo. Mfereji hupimwa mkiani."

Kilave akasimama. "Mpeni Mbazi," akasema. "Na jiwe la mgawo nililisogeza mimi." Kisha akamgeukia mdogo wake. "Kesho unifundishe kuanzia chini."

Jioni ile Nangasu alilimega gimbi vipande viwili. Kilave akapokea chake, akala, asitazame cha mwenzake.

Tangu hapo wazee waliacha kusimama mlangoni. Ndiva ikifunguliwa, kibuyu huteremshwa hadi shamba la mwisho. Ndiyo maana na fundi wenu hakuridhika na ofisi ya mwalimu mkuu, akaenda kule karibu na choo. Alilelewa huku, anajua kwamba mfereji hupimwa mkiani.