Mkaa Ulioitika Paukwa

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Mbona kama hamjala? Paukwa!"

"PAKAWA!"

"Kaondokea Fisi, kajaza magunia, mtoto wa nani yumo ndani?"

"Tuambie!"

Haya, sogeeni. Na wewe wa nyuma, acha kumfinya mwenzako.

Hapo kale, kijijini Mikwaju, alikuwako Fisi, mwenye mkokoteni mkubwa na mdomo mtamu kuliko asali. Alipita akiwaambia vijana: "Ng'ambo ya mto kuna kazi! Kula bure, kulala bure, mshahara mnono! Njooni kwa mjomba!"

Akaja Ngedere. Akaja Kanga. Akaja binti Digidigi, hata mama yake hakumuaga. Fisi akawatia maguniani, mmoja mmoja, akawafunika mkaa juu. Akawatisha: "Askari wa mpakani anakula vijana! Ukibishiwa hodi, nyamaza! Ukisalimiwa, nyamaza!"

Ng'ambo, jamani, hakukuwa na mshahara. Kulikuwa na mashamba ya Mamba, na aliyeingia huko hakutoka.

Mama Digidigi akamkimbilia jirani yake, Nguchiro. "Dada, mwanangu kachukuliwa na Fisi!"

Nguchiro ni mdogo, kikapu hakijazi. Lakini ndiye aliyewasimulia hadithi watoto wote wa Mikwaju tangu wakinyonya. "Futa machozi, mama," akasema. "Niazime sufuria, tufuatane."

Wakaenda hadi kwenye kizuizi cha polisi cha mpakani, barabara kuu. Pale alikaa Afande Kifaru, anamvizia Fisi tangu masika, na Fisi anapita njia za panya.

"Afande, unamtaka Fisi?"

"Namtaka, ila ana mbio."

"Basi mpikie."

"Nimpikie mhalifu?"

"Supu ya utumbo, Afande. Atakuja mwenyewe, wala hutatoka jasho."

Afande akapika. Toko, toko, toko! Harufu ikapenya vichakani, ikamkuta Fisi kwenye njia ya panya. Mate yakamtoka, chururu! Mnasema njia mbili zilimshinda fisi? Huyu hazikumshinda hata kidogo. Alifuata supu.

Kokoro, kokoro, mkokoteni ukafika kizuizini.

"Umebeba nini?"

"Mkaa, Afande. Mkaa mtupu. Naomba bakuli."

Kifaru akatazama. Macho ya Kifaru mnayajua: akaona mkaa. Fisi akaanza kunywa, fyoo, fyoo!

Nguchiro akarukia juu ya magunia. "Mkaa, hodi!"

Kimya.

"Mkaa, hamjambo?"

Kimya. Fisi akacheka, "Hi hi hi! Nguchiro ana wazimu, anasalimia mkaa!"

Mama Digidigi akashika kichwa. Nguchiro akavuta pumzi, akaita, "Paukwa!"

"PAKAWA!" magunia yote yakaitikia.

Na Fisi, mdomo umejaa utumbo, naye akaitikia, "Pakawa!"

Kacha! Pingu. Magunia yakafunguliwa, watoto wakatoka weusi tititi, wanapiga chafya. Mama Digidigi akamkumbatia binti yake mpaka naye akawa mweusi. Furaha iliyoje, jamani! Mimi hapo huwa nalia.

Fisi akapiga kelele, "Wakamate na hao! Wako mpakani bila pasi!"

"Ala!" Nguchiro akasema. "Si umesema ni mkaa? Tangu lini mkaa ukaulizwa pasi?"

Afande akacheka mpaka pembe ikatikisika. "Hawa wametoroshwa, hawana kosa. Mwenye kosa ni mtoroshaji. Vuta mkokoteni, bwana!"

Fisi akawavuta watoto wote mpaka kwao Mikwaju, kokoro, kokoro, huku wao wakinywa supu iliyobaki. Kisha akapelekwa mahabusu.

Hadithi yangu imefika chini ya sufuria. Anayetaka zaidi alambe mwiko.

Na funzo lake, wanangu? Funzo ni adabu! Mtoto mwema hafanyi kelele guniani. Mjomba akisema nyamaza, nyamaza, hata ukiitwa na nani. Mmesikia?

"Tumesikia!"

Hamtaitika tena ovyo ovyo?

"Hatutaitika!"

Vizuri. Paukwa!

"PAKAWA!"

Hamna adabu hata chembe. Ndivyo ninavyowapenda.