Siku Ambayo Kitanda Hakikupita

Ndugu zangu, wa nyuma sogeeni mbele kidogo. Huko barazani upepo unakula maneno. Nina mfano mmoja, na watu wa mfano huu sitawapa majina, maana nikiwapa majina mtaanza kuulizana ni wa mtaa gani, na mfano utaharibika.

Alikuwapo mama mmoja, mkulima wa mwani, katika kijiji cha pwani kilichokaa chini, mahali ambapo bahari ikijaa sana maji huja kunusa vizingiti vya milango. Mumewe alikuwa fundi wa kuezeka, na hapakuwa na paa kijijini ambalo hakuwahi kulipanda. Kisha akapigwa na kiharusi. Upande mmoja wa mwili ukafa, na mtu aliyezoea kuwaona wenzake kutoka juu akawa anawaona kutoka kitandani. Mkewe alimlisha, alimwosha, alimgeuza, na jioni alimsimulia habari za mwani na za majirani mpaka usingizi umchukue. Hakuwa na kingine duniani alichokipenda zaidi ya mtu yule.

Kijiji kile kilikuwa kama hiki chetu. Wazee wao walilijua neno kimbunga kwa kulisikia redioni tu, likiwa jambo la nchi za watu. Halafu mambo yakabadilika. Masika yakikaribia, tangazo linatoka: kimbunga kimejikusanya baharini, kinaelekea huku, wakazi wa mabondeni wahamie juu. Na kila kimbunga kimepewa jina, tena jina zuri kama la bibi harusi. Watu wakawa wanaulizana kisimani, "Na huyu wa safari hii anaitwa nani?"

Mahali pa kukimbilia palikuwa shuleni, juu kilimani. Kwa mwenye miguu si mbali. Anaweza kukaa, akapika, akala, akangoja alione wingu ndipo aondoke. Lakini mwenye mgonjwa hangoji wingu. Kwa hiyo tangazo likitoka tu, mama yule aliwaita watoto wa kaka yake, vijana wanne wenye mabega. Wakakinyanyua kitanda cha kamba pamoja na mgonjwa aliyelala juu yake, wakatoka nacho kwa njia kuu, mchana, katikati ya kijiji.

Mnaiona picha hiyo? Wanaume wanne, kitanda begani, mtu amelala chali, mke nyuma amejitanda kanga. Ni picha ya nini? Hata mtoto anaijua. Na desturi yetu mnaijua pia: jeneza likipita, mwanamume aliyekaa barazani hasubiri kuulizwa marehemu ni nani. Husimama, akatia bega, akasindikiza japo hatua chache. Basi mara ya kwanza wanaume waliokuwa wakinywa kahawa walisimama wote kwa heshima, na mmoja akakimbilia kupokea mguu wa kitanda. Marehemu akakohoa.

Kijiji kilicheka. Mgonjwa mwenyewe alicheka, akasema kwa ule ulimi wake mzito, "Nizikeni polepole jamani, mgongo unaniuma."

Kimbunga kilivunjikia baharini. Yakashuka manyunyu tu, watu wakarudi makwao.

Mara ya pili, kitanda kilipopita, jirani yake aliyekuwa akiuza vitumbua kando ya njia alimwita mama yule. "Shoga, mazishi saa ngapi leo? Nije na ubani?" Watu wakaangua kicheko. Mgonjwa safari hii hakucheka. Kimbunga kikageuka, kikaenda kwingine.

Mara ya tatu, kabla hawajatoka mlangoni, mgonjwa alimwomba mkewe kanga. Akajifunika kuanzia utosi hadi unyayo, akidhani anajificha na macho ya watu. Maskini, hapo ndipo alipofanana na maiti kabisa. Mtu mmoja akasema barazani kwamba leo wamemkafini kabisa, hawana haja ya kurudi naye. Na siku ile hata jani la mgomba halikutikisika.

Sasa kuna jambo dogo hapa, naomba mlishike. Kila mara, kitanda kikishafika shuleni, jioni jioni watu wengine nao walianza kupanda kilima. Lakini hapakuwa na hata mmoja aliyekuja kwa sababu ya kimbunga. Huyu amekuja kuwasalimu wakwe. Yule amekuja kuchaji simu. Muuza vitumbua alikuja na watoto wake watatu na furushi kubwa kichwani, akasema amesikia huku juu kuna sukari nzuri. Amekwenda kununua sukari akiwa amebeba na mto wa kulalia. Mama yule hakumuuliza mtu. Alikuwa amejikunyata pembeni, ameelekea ukutani, anampepea mumewe. Aibu ikimjaa mtu hupunguza hata kuona. Aliyoyasikia aliyaamini.

Likaja tangazo la nne. Mbingu ilikuwa safi asubuhi ile. Mama akawaita vijana, wakaja, wakainama kushika kitanda. Mumewe akasema, "Kiacheni."

Mkewe akadhani vijana wamemwumiza mahali. Akamkaribia.

"Mimi nimeshazikwa mara tatu, mke wangu," mume akasema. "Ya nne sitoki."

Mama akambembeleza. Akamwambia watapita njia ya nyuma, ya mikokoni, akajibiwa kwamba kule ni tope na vijana watamwangusha. Akamwambia watu watachoka kucheka. Akamwambia yeye hawezi kukaa amtazame akizama. Mume akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Maji yakinikuta, nitakufa mara moja. Katika ile njia nakufa kila nikipita. Ukitaka kwenda, nenda, nitakuwa radhi nawe. Mimi niache nyumbani kwangu."

Nani kati yetu angemjibu nini? Mama aliwarudisha vijana kwao. Akakoka moto, akaanza kumenya muhogo.

Adhuhuri jirani akaja hadi kwenye ua. Akauliza, kama mtu anayetania, "Mwenzangu, kimya leo. Wabebaji hawajafika?"

"Wamefika, nimewarudisha. Hatutoki."

"Hamtoki kweli?"

"Mmecheka hamkuchoka. Sisi tumechoka."

Jirani akageuka, akaitazama njia kuu. Akasema haya basi, akarudi kwake.

Kimbunga kilikuja alasiri ile. Sitawaeleza sana, maana humu ndani wapo watoto, na wapo watu wazima waliowahi kusikia bahari ikinguruma mahali isipopaswa kuwapo. Maji yaliingia kwa mlango na kwa dirisha. Mama alimshika mumewe ule mkono uliokuwa hai, na kwa mkono mwingine akaipapasa boriti ya dari. Maji yalipofika kidevuni mkono wa mumewe ukatoka katika mkono wake. Watu walipomfariji baadaye walimwambia kwamba maji yana nguvu, mkono lazima uponyoke. Yeye anasema haukuponyoka. Anasema mume aliuchomoa, ili yeye apate kushika boriti kwa mikono miwili.

Kesho yake walionusurika walikuwa shuleni, wamekaa sakafuni, kila mtu ametazama chini. Muuza vitumbua akaingia. Watoto wake walikuwa watatu, naye aliingia na mmoja, amemkamata shati kwa nguvu kama mtu aliyekamata mwizi. Watu wakampisha. Walidhani atamwangukia shoga yake shingoni, walie pamoja, mfiwa na mfiwa.

Hakumwangukia. Alisimama mbele yake, akamwuliza, "Mbona hukupita?"

Mama yule hakuelewa.

"Mbona hukupita? Furushi lilikuwa mlangoni. Watoto niliwavika viatu asubuhi. Ukasema hutoki, nikawavua. Mtaa mzima ulikuwa unachungulia njia, unangoja kitanda."

"Ninyi mlikuwa mnanicheka," mama akasema.

"Tulikuwa tunakucheka," jirani akajibu, "na tulikuwa tunakufuata."

Ndugu zangu, nani mwenye kosa? Mimi nimemtafuta sana mkosaji katika mfano huu, sijampata. Jirani? Alicheka kwa sababu aliogopa. Mtu anayetishwa na bahari kila mwaka asipopata pa kucheka atapasuka. Mume? Mtu aliyevunjwa nusu ya mwili hakubakiwa na kitu ila uso wake, nao tukaufanya mchezo. Mke? Alimheshimu mumewe, na sisi tunawahimiza wake wafanye hivyo. Waliotoa tangazo? Upepo haukumwahidi mtu njia yake. Hapa hakuna mwovu wa kumpiga mawe. Na hilo ndilo linalonikosesha raha, kwamba watu wasio waovu, walioishi ukuta kwa ukuta, wanaweza kuzikana hivi hivi kwa mzaha.

Tazameni na sisi. Katika kila jambo yuko mmoja anayetangulia kutoka, na aibu yetu sote tunamtwika yeye. Yule aliyekuwa wa kwanza kumpeleka mwanawe hospitali wakati sisi tukisema ni jicho la watu, si tulimcheka? Na wiki iliyofuata watoto wa nani walikuwa kwenye foleni? Yule aliyekataa kujenga bondeni, si tulimwita mwoga? Tunacheka hadharani, tunafuata kwa siri, na siku zote tunadhani yeye ataendelea kutangulia. Hatujui ana nguvu kiasi gani. Hatumwulizi. Mwenyezi Mungu anaweza kukuletea onyo lako juu ya mabega ya mtu unayemdharau, na wewe ukamchosha mtu huyo mpaka akakaa chini. Akishakaa, hutasikia kelele yoyote. Utaona tu njia iko tupu, nawe utasema, kumbe hakuna jambo.

Na msinijibu kwamba mara nyingi kimbunga hakiji. Najua. Mara nyingi hakiji. Tutatoka bure, tutarudi, tutakuta kuku wameibwa, tutachekana. Ndivyo tulivyoandikiwa kuishi katika pwani hii sasa, na sioni kama maisha haya yatakuwa mepesi kwa watoto wetu. Siwezi kuwadanganya hapa nilipokaa. Ila uzito huu haukuwekwa uwe wa nyumba moja.

Leo asubuhi simu zenu zimelia kwa tangazo la kimbunga kama yangu ilivyolia. Nimewaona mlipokuwa mkitawadha. Mnatazamana. Kila mmoja anamsoma mwenzake usoni, nani ataanza. Mbingu ni nyeupe, jua linawaka, na hakuna anayetaka kuonekana amebeba godoro mchana kweupe hivi.

Basi msitazamane tena. Tukimaliza kuswali mimi natoka na mama yangu mzee na watoto wangu. Sitangoja jioni wala sitasingizia wakwe. Ukiniuliza nakwenda wapi, nitakwambia naogopa. Nitapita njia kuu. Anayetaka kucheka acheke, lakini acheke akiwa nyuma yangu.