Mtama Uliofanyiwa Matanga

Paukwa!
Pakawa!
Chungu kipo?
Kipo, kitupu.
Basi kaeni, nikijaze maneno.

Hapo zamani za kale, kabla jembe halijapata jina, watu waliishi kando ya mto. Walivua samaki na kuokota mtama wa mwituni. Mtama ukiisha, wanahama.

Kati yao alikuwepo mjane, Nyamizi. Siku moja mto ulifurika ukaingia kibandani mwake, ukalowesha kibuyu cha mtama, akiba yake yote. Punje zikavimba matumbo. Nyamizi akazigusa, akazinusa, akalia.

"Mtama wangu umekufa."

Kaka yake Lugendo, mkubwa wa kambi, akasema, "Mtupe mtoni."

"Maiti hatupwi."

"Wape mbwa."

"Maiti haliwi."

"Basi mzike."

"Hapo umesema, kaka."

Wakamzika. Watu wakalia kwelikweli, maana njaa ilikuwa ya kweli. Kiboko naye akatoka mtoni kutoa pole.

"Marehemu ni nani?"

"Mtama."

"Nilimfahamu," akasema Kiboko, akaketi matangani.

Mvua ikanyesha. Asubuhi moja kaburi likatoa vidole vya kijani. Lugendo akafunga mzigo wake.

"Marehemu anarudi. Tuhame."

"Mimi sihami," akasema Nyamizi. "Nimwache, na ndiyo kwanza anaamka?"

Wakamwacha. Nyamizi aliogopa, akala mizizi na kome wa mtoni, akakonda.

Mtama ukafika magotini. Kiboko akauliza, "Mfiwa, nimrambe marehemu kidogo?"

"Bado hajapona."

Ukafika kiunoni. "Mfiwa, nimrambe?"

"Bado hajapona."

Ukapita kichwa, ukainama kwa masuke. "Mfiwa, nimrambe?"

"Sasa amepona."

Nyamizi akavuna masuke, Kiboko akapewa mabua. Chungu kikatokota, harufu ikavuka mbuga hadi kwa waliohama. Wakarudi, mbavu nje.

"Dada, unakula nini?"

"Marehemu."

Lugendo akasogea. Akatazama chungu.

"Alikufa kwa ugonjwa gani?"

"Maji."

"Basi hauambukizi," akasema, akakinga kibuyu.

Waliposhiba, Nyamizi akawagawia punje, akasema, "Hizi ni za kuzika." Wakazika bonde zima. Walijaribu kulia, wakashindwa kwa shibe, wakaimba. Hawakuhama tena.

Nanyi jifunzeni: jambo geni likichomoza, litazameni kwanza, mbio zipo tu.

Ngano yangu imefika ukingoni. Aliyesinzia amwulize jirani yake, ila jirani yake ndiye aliyekuwa akikoroma.