Bango Lisilo na Jina la Duka

Hapo zamani za kale, ingawa si kale sana, maana wanyama walikuwa wameshaanza kutembea na simu, palikuwa na soko kando ya mto. Na katika soko hilo palikuwa na maduka matatu ya gemu. Msifikirie maduka ya kutoka na kikapu kimejaa, wanangu. Uliingia na simu yako, ukachagua gemu, mwenye duka akakuingizia, ukatoka unacheza.

Duka la kwanza lilikuwa la Bwana Kiboko. La pili, lililotazamana nalo mlango kwa mlango, lilikuwa la Bwana Nyati. Maduka yenyewe makubwa, na wenye maduka wakubwa zaidi. La tatu lilikuwa kibanda cha Bi Pimbi, kidogo kama mwenyewe, kimebanwa katikati ya mawe.

Bi Pimbi aliijua kazi yake. Alikuachia ujaribu gemu kabla ya kuinunua, na kama ilikuwa mbovu alikuambia waziwazi, "Hii itakuchosha kesho kutwa. Chukua ile." Hata hivyo kibanda chake kilikuwa kimya, ji!

Sababu ni kwamba Kiboko na Nyati walikuwa wamefunga gemu zao. Ukinunua gemu ya mbio kwa Kiboko, ulishindana na wateja wa Kiboko tu. Ukinunua ileile kwa Nyati, ulishindana na wateja wa Nyati tu. Bi Pimbi hakuzifunga za kwake, lakini ingesaidia nini wakati wakubwa wawili wamefunga? Aliyenunua kwake alibaki akikimbia peke yake, na mbio za peke yako hazina raha.

Siku moja Mama Ngiri alipita pale na wanawe wawili, wamenuniana.

"Shikamoo, Bi Pimbi."

"Marahaba. Mbona watoto wana nyuso hizo?"

"We acha tu. Huyu kanunua gemu kwa Kiboko, huyu kanunua kwa Nyati. Wanalala mkeka mmoja na hawawezi kucheza pamoja. Nimechoka na kelele zao."

"Basi njooni kwangu."

"Ningekuja, dada yangu. Lakini nikija kwako, watacheza na nani? Rafiki zao wote wako huko."

Mama Ngiri akaenda zake, na watoto wakaendelea kununa.

Jioni hiyohiyo akaja Mzee Kobe, mwenyekiti wa soko, taratibu kama kawaida yake. Alipofika mlangoni ilibidi kwanza apumzike.

"Mwanangu," akasema, "sheria ya soko unaijua. Kibanda kisichoingia mteja mwezi mzima kinapewa mwingine. Mwezi wako unaisha Ijumaa, na Kiboko ameshaomba nafasi hii aongeze duka lake."

"Nimekusikia, Mzee."

"Mimi sina ubaya na wewe."

"Najua, Mzee wangu."

Kobe alipoondoka, Bi Pimbi aliketi juu ya jiwe akalia kidogo. Kibanda kile alikijenga kwa mikono yake, na hakuwa na kazi nyingine aliyoipenda. Kisha akafuta machozi, akatazama yale maduka mawili makubwa.

Sasa sikilizeni vizuri. Kiboko na Nyati walikuwa na ugonjwa mmoja: hawakuwatazama wateja, walitazamana wao kwa wao. Kiboko akitoa gemu moja ya bure, Nyati alitoa mbili. Nyati akiweka benchi, Kiboko aliweka benchi lenye mto wa kuegemea. Asubuhi moja Kiboko alianika mkeka wake mlangoni kwa kuwa ulikuwa umelowa. Kabla ya saa sita Nyati naye alikuwa ameanika mkeka, mkavu kabisa, akidhani ni mbinu mpya ya kuvuta wateja.

Aliyepeleka habari ni Shashi, yule ndege anayekula kupe. Asubuhi alikaa mgongoni kwa Kiboko, akala kupe na kusema ya kwa Nyati. Mchana alikaa mgongoni kwa Nyati, akala kupe na kusema ya kwa Kiboko. Kila mmoja aliamini Shashi ni mpelelezi wake peke yake. Bi Pimbi aliyaona yote hayo kutoka kwenye mawe yake, maana asiye na wateja ana muda mwingi wa kutazama.

Jumatano akatafuta kitambaa cheupe, kirefu kuliko kibanda chake mara tatu. Akachukua rangi na brashi, akaandika kwa herufi kubwa: NUNUA HAPA, CHEZA NA MTEJA WA DUKA LOLOTE. Akalianika bango lake juani, juu ya mawe, akakaa kando akijipepea.

Haikupita muda, pururuu! Shashi huyo.

"Habari za kazi, Bi Pimbi? Bango kubwa hilo. La nani?"

"La mwenye duka la gemu."

"Duka gani?"

"Ah, mwenyewe hataki jina lake lijulikane kabla ya siku yenyewe."

"Na litatundikwa lini?"

"Ijumaa asubuhi, likikauka vizuri."

Shashi aliinamisha kichwa upande huu, akakiinamisha upande ule. Alitazama urefu wa bango, akatazama udogo wa kibanda. Akajiambia bango refu hivyo lazima ni la mmoja wa wale wakubwa. Pururuu, akaruka.

Akatua mgongoni kwa Kiboko. "Bwana mkubwa, Nyati anafungua gemu zake Ijumaa! Wateja wake watacheza na yeyote. Bango nimeliona kwa macho yangu."

Kiboko aliacha kutafuna. "Akifungua yeye nami nimefunga, nani atabaki kwangu?"

"Hata mimi nakuuliza wewe."

"Basi nitamtangulia. Nafungua kesho."

Shashi alikula kupe watatu, akahamia kwa Nyati. "Bwana mkubwa, Kiboko anafungua! Anaanza kesho, nimemsikia mwenyewe."

Nyati akapuliza pua, fuuu! "Kesho? Mimi nafungua sasa hivi."

Na kweli wakafungua, wote wawili. Kufikia Alhamisi mchana soko zima lilikuwa na kelele za furaha. Ngiri wawili walikaa mkeka mmoja wakishindana mbio, na mama yao akapata usingizi wa mchana, wa kwanza tangu wanunuliwe simu.

Ijumaa asubuhi Bi Pimbi alitundika bango lake. Lilikizunguka kibanda chote, ncha moja ikaning'inia juu ya mawe. Wanyama walilisoma, wakatazamana. Kama mtu anaweza kucheza na yeyote, popote aliponunua, kwa nini asinunue kwa yule anayekuachia ujaribu kwanza, tena anayekuambia ukweli? Wakaanza kuingia, mmoja mmoja, kisha kwa makundi.

Kiboko alikuja kwa kishindo, gudu gudu, na Nyati nyuma yake.

"Pimbi, umetudanganya!" akasema Kiboko.

"Nimekudanganya lini, bwana? Bango ni langu na duka ni langu. Mimi gemu zangu sijawahi kuzifunga. Nani alikuambia ni la Nyati?"

"Shashi."

Nyati akashtuka. "Shashi? Shashi ni wangu mimi."

"Wako tangu lini? Anakula kwangu kila asubuhi."

Wakageuka kumtafuta. Shashi alikuwa ameshapaa, hata kivuli chake hakikuonekana.

"Sawa," akasema Nyati, "tufunge tena. Anza wewe."

"Anza wewe," akasema Kiboko.

Bi Pimbi alikuwa anamwingizia Paa gemu ya kuruka viunzi. Hakuinua hata kichwa. "Wateja wameshazoea kucheza pamoja, mabwana. Atakayeanza kufunga, wa kwake watahamia kwa asiyefunga. Lakini maduka ni yenu, amueni wenyewe."

Wale wakubwa wawili wakarudi kwenye maduka yao.

Karibu na adhuhuri Mzee Kobe akafika kukagua. Alitaka kuingia, Mama Ngiri akamzuia kwa heshima zote.

"Shikamoo, Mzee. Foleni inaanzia kule nyuma."

"Marahaba. Mimi nimekuja kuangalia kama kuna mteja."

"Basi uangalie ukiwa kwenye foleni, Mzee wangu."

Kobe akaitazama foleni yote mpaka mwisho, akacheka polepole, kisha akaenda kusimama nyuma. Zamu yake ilipofika, Bi Pimbi alimchagulia gemu ya mbio za magari. Kibanda kikabaki cha Bi Pimbi.

Na Kiboko na Nyati? Walikaa kila mmoja mlangoni pake, wakitazamana, kila mmoja akisubiri mwenzake awe wa kwanza kufunga. Mpaka leo hakuna aliyethubutu.

Fundisho lake ni hili, wanangu: anayeshinda akichungulia duka la mwenzake hapati muda wa kumwona mteja wake.