Pimbi na Mgeni wa Krismasi

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba na kupigiana hodi kama sisi, palikuwa na kijiji chini ya kilima cha mawe. Krismasi ya huko ilikuwa na vishindo! Kila mmoja alitaka kumshinda mwenzake kwa vitu, na waliotia fora ni majirani wawili, Bwana Tembo na Mzee Kiboko.

Tembo akileta kochi, Kiboko analeta makochi mawili. Kiboko akileta redio, Tembo analeta redio na zulia juu yake. Mwaka huo nyumba zao zilijaa mpaka darini. Tembo alikuwa analala amesimama, maana kitandani palikuwa na masufuria. Na Kiboko? Alikuwa anakula nje kwenye manyunyu, maana mezani palikuwa na magodoro.

Juu kidogo, kwenye mawe, aliishi Bi Pimbi. Umbo lake dogo, ungeweza kumtia kikapuni. Lakini miguu yake ilikuwa myepesi, na ulimi wake mwepesi zaidi.

Mkesha wa Krismasi, asubuhi, Pimbi alimkuta Mama Swala amejikunja kando ya njia. Mto ulikuwa umefurika na kuizoa nyumba yake, naye alikuwa amejifungua palepale majanini. Mtoto amelowa chapachapa, anatetemeka mwili mzima.

"Maskini! Umepiga hodi kwa nani?" Pimbi akauliza.

"Kwa Bwana Tembo. Akasema nyumba imejaa. Nikaenda kwa Mzee Kiboko, naye nyumba imejaa. Nikamwomba hata barazani tu, mwenzangu. Akasema baraza lina mazulia."

Pimbi akawachukua mpaka kwake. Lakini nyumba ya Pimbi ni ufa wa mwamba. Mama Swala aliingiza kichwa, akaingiza shingo, mabega yakakwama. Na mawingu meusi yalikuwa yanapanda. Ngurrr! Ngurrr!

Pimbi akamtazama yule mtoto. Akajifunga kibwebwe.

"Mfunike kwa kanga yangu, unisubiri hapa. Leo mtoto huyu atalala pakavu, wapende wasipende."

Akatimka, tiki-tiki-tiki, hadi kwa Tembo.

"Hodi!"

"Karibu, lakini usiingie! Utaniangushia masufuria!"

"Shikamoo, Bwana mkubwa. Mgeni wa Krismasi anakuja kijijini leo. Nimemwona kwa macho yangu haya."

Masikio ya Tembo yakasimama. "Mgeni wa Krismasi? Basi atafikia kwangu! Mwambie nina redio, nina zulia, nina..."

"Wapi! Huyu hatazami redio. Anachotaka ni nafasi. Nyumba yenye nafasi kuliko zote ndimo atakamolala." Pimbi akashusha sauti. "Mzee Kiboko ameshaanza kutoa vitu nje. Lakini mimi sijasema kitu."

"Ala! Kiboko? Hanishindi!"

Kiboko hakuwa ametoa hata kijiko, wanangu. Alikuwa amekaa nje anakunywa chai. Pimbi akamfikia akihema.

"Mzee Kiboko, wewe umekaa tu? Mgeni wa Krismasi atalala kwenye nyumba yenye nafasi, na Bwana Tembo ameshaanza kutoa makochi!"

"Uongo!"

Papo hapo, upande wa pili: puu! Kochi limetua uani kwa Tembo. Kiboko akamwaga chai yake akakimbilia ndani.

Basi ikawa vurugu! Puu, magodoro! Kwanga-kwanga-kwanga, masufuria! Tembo akitoa meza, Kiboko anatoa meza na viti. Ua wa kila mmoja ukajaa, na matone ya kwanza yakaanza kudondoka.

"Vitaloa!" Tembo akalia.

"Wagawie majirani," Pimbi akasema. "Upesi, Kiboko ameshaanza!"

Tembo akamkamata Kobe aliyekuwa anapita. "Chukua blanketi hili!"

"Mimi? Bwana Tembo, sijui nikushukuru vi..."

"Usinishukuru, unanichelewesha! Chukua!"

Kanga na vifaranga vyake wakapata godoro. Nungunungu akapewa kochi, akalizunguka mara mbili akifikiri atalikaliaje. Jioni ilipoingia, nyumba ya Tembo ilikuwa nyeupe, haina kitu. Kiboko naye alikuwa amemaliza, ila redio. Aliikumbatia, akagoma. Kwa hiyo Tembo akashinda.

"Nimeshinda!" akapiga baragumu kwa mkonga wake. "Mlete mgeni!"

Pimbi akatimka juu kwenye mawe kuwaita. Mama Swala akaingia taratibu, mtoto wake amemwegemea.

"Huyu? Huyu si nilimfukuza asubuhi? Umenidanganya, Pimbi! Nitakukanyaga!"

Mguu ukainuka, mkubwa kama kinu. Pimbi hakurudi nyuma hata kidogo.

"Nikanyage, Bwana mkubwa. Lakini nijibu kwanza. Asubuhi ulimwambia nini mama huyu?"

"Nilimwambia nyumba imejaa."

"Na sasa?"

Tembo akatazama kulia. Akatazama kushoto. Kuta tupu.

"Kesho tunasherehekea nini?" Pimbi akauliza tena.

"Kuzaliwa kwa Yesu. Nani asiyejua?"

"Na mama yake alipofika Bethlehemu akitafuta mahali pa kujifungulia, aliambiwa nini?"

Mguu wa Tembo ukabaki hewani. Nje mvua ikamwagika, shaaa! Kiboko, aliyekuwa anachungulia mlangoni, ndiye aliyejibu, kwa sauti ndogo:

"Aliambiwa hakuna nafasi."

Tembo akaushusha mguu polepole, mbali na Pimbi.

"Pita, mama," akasema. "Kaa pale ukutani, pale hapavuji. Nisamehe."

Mtoto wa Swala akajaribu miguu yake mipya. Akaanguka. Akainuka. Akayumba mpaka chini ya tumbo la Tembo, penye joto, akajilaza hapo. Kutetemeka kukaisha. Na Tembo, pande lile la mnyama, hakuthubutu hata kupepea sikio.

"Shhh," akawaambia. "Amelala."

Kiboko akajikuna shingo. "Na mimi, Bi Pimbi? Mgeni wangu yuko wapi?"

"Mto bado umefurika, Mzee. Huko bondeni kuna wengine wamepanda juu ya vichuguu, na hapa kijijini hakuna anayeyajua maji kama wewe."

Kiboko hakungoja kuambiwa tena. Akatoka mbio mvuani, chubwi, akazama mtoni. Aliporudi, mgongoni amewabeba Mzee Kakakuona na mkewe na wajukuu wao, wote wamemng'ang'ania masikio, naye anapiga kelele toka mbali: "Fungueni mlango wangu! Nina wageni! Nina wageni!"

Basi wanangu, shikeni hili: Krismasi ni kumfungulia mlango aliye nje, wala si kujaza vitu ndani.